Pole inamwambia nani nini?

Tangazo la kifo likiingia kwenye kundi la WhatsApp, mara nyingi huzuka ubishi mdogo chini yake. Mtu anaandika, "Natoa tanzia zangu kwa familia ya marehemu." Mwingine anamsahihisha: sema rambirambi. Wa tatu, aghalabu mtu wa Mombasa au Unguja, anasema hapo palitakiwa taazia. Wa nne ameshachoka nao, anaandika "Poleni wafiwa" na kuweka viganja viwili vilivyokutana. Huyo wa nne ndiye aliyefika msibani. Wenzake bado wako njiani wanabishana.

Ubishi huo hauishi kwa sababu tunayachukulia maneno haya kama majina manne ya kitu kimoja, huzuni, basi kila mtu anatetea jina la kwao. Lakini ukiyasikiliza yanavyotumika, kila moja lina upande linakoelekea. Moja linatoa habari, jingine linatumwa, jingine linamkabili mfiwa uso kwa uso. Pole, ambalo ni dogo kuliko yote, lina safari ndefu kuliko yote, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi.

Pole haiombi radhi

Mgeni anayejifunza Kiswahili hukutana na pole mapema, kwa kawaida akiwa amejikwaa. Anagonga kidole kwenye ngazi, na watu watatu ambao hawakuwa hata karibu naye wanamwambia "Pole!" Anabaki kujiuliza wamemkosea nini. Kwao Uingereza neno la kuomba radhi ndilo hilohilo la kumfariji aliyefiwa, na linaeleza hali ya msemaji mwenyewe: mimi nasikitika. Pole haisemi chochote kuhusu msemaji.

Tazama tofauti yake na samahani. Samahani imetoka kwenye Kiarabu, *sāmihnī*, yaani "nisamehe". Ile -ni ya mwisho ni "mimi" ya Kiarabu, imeingia nchini na mzigo wake wote. Ndiyo maana mtu anayewaomba radhi watu wengi kwa pamoja hujikuta akisema samahanini: -ni ya kwanza ni yake yeye mkosaji, ya pili ni yao waliokosewa. Poleni ina -ni moja tu, nayo ni ile ya karibuni, kwaherini na twendeni. Ni ninyi. Msemaji hayumo kabisa ndani ya neno.

Nairobi siku hizi pole imepanuka mpaka ikafunika na kazi ya samahani. "Pole, sikukuona," mtu anakwambia baada ya kukupiga kikumbo, na hakuna anayeshangaa. Siliiti hilo kosa. Maneno hupanuka, na Kiswahili cha Nairobi kina majirani wengi wanaokisukuma. Ila jaribu hivyo Tanga. Aliyekukanyaga akisema "pole" peke yake anasikika kama mpita njia aliyeona ukikanyagwa na mtu mwingine. Mwenye adabu zake husema yote mawili, "Samahani, pole sana": kwanza anajitaja kuwa ndiye mkosaji, kisha anakugeukia wewe mwenye mguu.

Msibani tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa msibani hakuna mkosaji. Anayesema "poleni" kwenye mkeka wa wafiwa hajishtaki, wala hasimulii jinsi yeye mwenyewe alivyoumia. Kuna jambo anawatakia. Ni jambo gani?

Nimeshapoa

Jibu liko kwenye jibu lenyewe. "Pole na kazi." "Nimeshapoa." "Pole na safari, mwanangu." "Nimeshapoa, mama, ahsante." Maelfu ya watu hujibizana hivyo kila jioni kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma, na humo mnasikika mzizi wa neno waziwazi. Anayesema pole anamtakia mwenzake apoe. Anayejibu anamhakikishia kwamba ameshapoa. Pole na kupoa ni mzizi mmoja.

Na kupoa ni nini? Chai inapoa. Homa inapoa. Ugomvi wa mke na mume unapoa wakiachwa peke yao. Mtoto mtundu akishinda kimya siku nzima, mama yake humuuliza mbona leo umepoa. Kupoza ni kukifanya kitu kipoe: uji wa mtoto unapozwa kwa kumiminwa kikombe hiki hadi kile, hasira inapozwa kwa maneno, na machungu yanapozwa kwa kukaa na mwenye nayo. Mpole ni mtu ambaye joto lake haliwachomi wengine. Polepole ni mwendo usio na harara.

Sasa rudi msibani usikilize Kiswahili kinavyoieleza huzuni. Moyo unaungua. Kifo cha mtoto kimemchoma. Amekaa tu, anafukuta ndani kwa ndani. Hatusemi kwamba aliyefiwa ameangushiwa giza au kwamba amezama. Hizo picha tunazielewa, tumezisoma, lakini lugha yenyewe ya nyumbani humwona mfiwa kama mtu anayeunguzwa. Ukimwambia pole unamwambia upoe. Ni neno la tiba, na ndiyo maana linafaa vilevile kwa aliyefiwa, kwa mgonjwa, kwa aliyetoka shamba, kwa aliyenyeshewa mvua na kwa aliyekalia kiti cha basi kuanzia Mwanza. Wote hao miili au mioyo yao imepata moto kupita kiasi.

Mzizi huu si wa Waswahili peke yao. Wataalamu wanaolinganisha lugha za Kibantu huuandika *-pód-, na ile nyota mbele yake ni alama yao ya kusema kwamba umbo hili limekisiwa kwa kuzilinganisha lugha zilizopo, halikukutwa limeandikwa popote. Maana wanayoipa ni kupoa na kupata nafuu. Sauti ile ya mwisho leo husikika l, r au d kulingana na lugha, na katika Kiswahili mara nyingi imemezwa kabisa. Wachewa wa Malawi husema *mvula*, sisi mvua. Wao *njala*, sisi njaa. Wao *pola*, sisi poa. Na *kupola* kwao ni kupoa kwa chakula, na pia ni kupona kwa kidonda. Kizulu, mbali kusini, nacho kina *-phola* yenye maana hizohizo mbili. Kwa Waganda *mpola* ni taratibu, na *mpola mpola* haihitaji mkalimani.

Msomaji makini atauliza: ikiwa Kiswahili kilimeza l, mbona pole inayo? Kwa sababu umezaji huo haukufagia kila neno. Mbele imebaki na l yake, kule imebaki, pole imebaki. Ndipo tukajikuta na ndugu wawili ambao hatuwatambui tena kuwa ni ndugu: mmoja amepoteza konsonanti, mwingine ameitunza.

Rwanda na Burundi ndiko mambo yanakopendeza zaidi. Huko p ya kale imegeuka h, kwa hiyo hapa ya Kiswahili ni *hano* kwa Kinyarwanda. Fuata kanuni hiyohiyo, weka na r mahali pa l, utaipata *buhoro*, yaani polepole. Kitenzi chetu kupoza kwao ni *guhoza*, na *guhoza* ni kumliwaza mtu, kumtuliza anayelia. Ile p ya zamani haikupotea kabisa. Imejificha nyuma ya m, katika neno ambalo mama humwambia mtoto anayelia au rafiki humwambia aliyefiwa: *mpore*. Mtu wa Kigali akisema *mpore* na mtu wa Bagamoyo akisema pole, wanatumia neno moja walilorithi kwa babu mmoja maelfu ya miaka iliyopita, na wote wawili bado wanalitumia kwa kazi ileile.

Kando ya Ziwa Victoria Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu hata kidogo, husema *mos* kwa kumpa mtu pole, na *mos mos* ni polepole. Kumbe hata asiye ndugu yetu wa lugha ameyaweka pamoja mambo hayohayo mawili, kumfariji mtu na kumpunguzia kasi.

Waliokuwa wakisema makiwa

Kabla pole haijatawala kila mahali, pwani ilikuwa na neno lake mahususi la msibani, na wazee wa Mombasa na Lamu bado wanalo: makiwa. Unafika, unawashika mkono wafiwa, unasema "Makiwa." Wanajibu "Yamepita", na wengine hujibu "Tunayo."

Neno hili halihusiani na joto. Ndugu zake ni mkiwa na ukiwa. Mkiwa ni mtu asiye na watu wake, aliyebaki peke yake. Ukiwa ni hali ya mahali palipohamwa, nyumba iliyokosa wenyewe. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kutoka kwa manabii, miji inapoachwa ukiwa. Kwa hiyo anayesema makiwa hajaribu kupoza kitu. Anakitaja kilichotokea kwa jina lake: mmepungukiwa, mmebaki peke yenu. Na aliyefiwa anachagua namna ya kulipokea. "Tunayo" ni kukiri: ndiyo, tunao upweke huo. "Yamepita" ni kujikaza.

Nalipenda neno hili kuliko pole kwa jambo moja. Pole ina haraka kidogo ya kukutaka utulie. Makiwa haikutaki ufanye lolote. Lakini limekuwa neno la kupungua. Wanafunzi wa Kenya hukutana nalo kwenye orodha za maamkizi vitabuni, wanalikariri pamoja na sabalkheri na alamsiki, kisha wakienda msibani wanasema pole kama watu wote.

Pwani hiyohiyo ina kitenzi kingine ambacho huwachanganya watu wa bara: kuhani. "Nimekwenda kuhani kwa jirani" maana yake ni kwamba nimekwenda kuwapa pole waliofiwa. Halina uhusiano wowote na yule kuhani wa hekaluni, ambaye jina lake limetokana na *kāhin* ya Kiarabu. Yamegongana kwa sauti tu.

Yaliyokuja na jahazi

Msiba wenyewe ni neno la Kiarabu, *musība*, na asili yake ni kupiga na kupata shabaha, kama mshale. Msiba ni kile kilichokupata. Kiswahili kilichukua hata kitenzi chake, kusibu, ndiyo maana tunaweza kusema "msiba uliotusibu" na kulitamka neno mara mbili bila kuhisi tumelirudia. Ile mu- ya mwanzo ilifanana na kiambishi chetu, basi tukaliweka neno kwenye ngeli ya mti na miti, tukapata misiba. Mwarabu angeshangaa.

Muislamu yeyote anayesoma habari ya kifo husema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Maneno hayo ni ya aya ya 156 ya sura ya Al-Baqara, na aya yenyewe inawataja wale ambao ukiwapata msiba husema hivyo. Neno *musība* limo humohumo. Angalia linakoelekea: halimwambii mfiwa, halimwambii marehemu. Linamrudia Mungu, na linawajumuisha wote waliopo, aliye hai leo na aliyetangulia.

Tanzia na taazia zote zinarudi kwenye *ta'ziya*, kumliwaza mfiwa na kumtia subira. Kiini chake ni subira, uvumilivu mzuri. Ndiyo maana dua inayofuata salamu za msibani pwani ni "Mungu awape subira". Wengi wa mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanasema ta'ziya ifanywe ndani ya siku tatu, isije ikafukua huzuni iliyokwisha tulia. Kitamkwa cha Kiarabu kiitwacho ain, ambacho Kiswahili hakina, kilifidiwa kwa kurefusha irabu, kama *ma'nā* ilivyokuwa maana. Hiyo ndiyo taazia. Katika umbo jingine sauti ya pua ikaingia kabla ya z, tukapata tanzia.

Baada ya hapo kila mtu akaenda na njia yake. Tanzania ikalitumia tanzia kwa habari ya kifo: ndilo neno linalopigwa kwa herufi kubwa juu ya tangazo gazetini, na ndilo linalotangulia redioni. Kenya, taazia ikabaki karibu zaidi na maana ya zamani, maneno ya kuomboleza na kumkumbuka marehemu. Walimu wa fasihi nao wakaichukua tanzia wakaifanya jina la mchezo wa kuigiza unaoishia kwa maangamizi, kinyume cha ramsa inayochekesha.

Hilo la mwisho lina mwenzake mbali sana. Nchini Iran ta'ziyeh ni mchezo wa kuigiza kweli, unaosimulia kuuawa kwa Imam Husein huko Karbala mwaka 680, na watazamaji hulia pamoja na waigizaji. UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2010. India *tazia* ni mfano wa kaburi la Husein unaobebwa kwenye maandamano ya Muharram. Neno lililoanza kama kumtia mtu subira limekuwa jukwaa mahali pamoja, jengo la karatasi mahali pengine, na kwetu kichwa cha habari. Walimu wetu hawakuhitaji kwenda Uajemi kulipata. Walichukua tangazo la kifo wakalipandisha jukwaani. Hata hivyo wamefika palepale.

Kwa hiyo yule mtu wa kwanza kwenye kundi la WhatsApp, anayetoa "tanzia zangu", ana babu wa neno upande wake lakini hana majirani. Kihistoria tanzia ni maliwazo. Kwa sikio la Mtanzania wa leo amesema anatoa taarifa zake za kifo.

Tarehe 14 Oktoba 1999 inaonyesha mgawanyo huo vizuri. Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa kwamba Mwalimu Julius Nyerere amefariki dunia London, ile ilikuwa tanzia. Salamu kutoka kwa viongozi wa nje zilikuwa rambirambi. Na watu waliokutana barabarani siku ile, ambao hawakuwa na undugu wowote na marehemu, waliambiana pole. Hakuna aliyehitaji kuelekezwa lipi ni lipi.

Rambirambi ina daftari

Rambirambi ina tabia ya pekee ambayo huigundui mpaka ujaribu kuivunja. Huwezi kumwendea mjane, ukamshika mkono na kumwambia "Rambirambi, dada." Atakutazama. Pole husemwa, rambirambi hutumwa, hutolewa, hupelekwa, hupokelewa. Daima ina kitenzi cha kubebwa. Ndiyo maana inafaa ofisini na ikulu: "Rais ametuma salamu za rambirambi." Mtu ambaye hayupo msibani ndiye hasa anayeihitaji. Na kwa kuwa ni kitu cha kubebwa, haikuwa ajabu kwamba kilichobebwa kikawa fedha.

Nenda kwenye msiba wowote wa mjini. Pembeni ya turubai kuna meza ya plastiki, na juu yake kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula: namba, jina, atokako, kiasi, saini. Nyuma ya meza amekaa kijana mwenye mwandiko mzuri na mama mmoja wa kanisani au wa kikoba ambaye hakuna anayethubutu kumdanganya. Jirani wa nyumba ya pili, elfu tano. Kikundi cha kina mama, mchele na sukari na elfu thelathini. Wafanyakazi wenzake marehemu wanatoa bahasha, na bahasha inafunguliwa hapohapo na kuhesabiwa mbele ya macho ya watu. Mtu akitoa elfu mbili anaandikwa sawasawa na aliyetoa laki, kwa wino uleule. Baada ya mazishi katibu wa kamati anasoma jumla, anatoa hesabu ya jeneza, gari na chakula, na kinachobaki kinakabidhiwa kwa familia.

Daftari lile halitupwi. Linawekwa kabatini na vyeti. Miezi baadaye jirani wa nyumba ya pili akifiwa, mtu atalifungua kwanza kabla ya kwenda. Hapo ndipo rambirambi inapoachana na pole. Pole haina hesabu. Huwezi kumdai mtu pole uliyompa. Rambirambi ni deni la heshima, na watu wengi wa mjini wameokolewa na deni hilo siku ambayo hawakuwa hata na nauli ya kusafirisha maiti. Wanaosema kwamba fedha imeharibu misiba nadhani hawajawahi kuulizwa bei ya jeneza saa kumi ya usiku.

Zanzibar na kwingineko pwani kitu hichohicho huitwa ubani. Ubani ni ule utomvu unaofukizwa, *lubān* ya Waarabu, unaogemwa kwenye miti ya Dhofar nchini Oman na ya Somalia, na moshi wake haukosekani kwenye maziko na hitima, kile kisomo cha kumwombea marehemu. Jina la kinachofukizwa limehamia kwenye fedha: "Tumepeleka ubani." Simu nazo zikaongeza mwendo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuvuka hadi Tanzania mwaka uliofuata, mtu wa Muscat au Minneapolis akimtuma wakala wake au nduguye wa Nairobi, rambirambi inafika kabla kaburi halijachimbwa. Siku hizi tangazo lenyewe hubeba namba ya mweka hazina chini ya jina la marehemu.

Pumzika, apumzike

Kuna salamu moja ambayo imezoeleka sana mtandaoni na ambayo, ukiitazama inakoelekea, haiendi kwa mfiwa hata kidogo: "Pumzika kwa amani." Anayeambiwa ni marehemu. Wakatoliki wanaijua kwa umbo tofauti, kwenye sala ya "Raha ya milele umpe, ee Bwana", ambako waumini husema "apumzike kwa amani". Pale anayeambiwa ni Mungu, na marehemu anaombewa. Mtandao ulipoondoa ile a- ya mwanzo, ombi likageuka barua kwa mtu asiyeweza kusoma.

Sioni ubaya wa kumwambia marehemu neno. Watu wamezungumza na wafu wao tangu zamani. Ila nimeona mabango marefu ya "pumzika kwa amani" yenye picha na mishumaa, mamia kwa mamia, na mjane aliyetajwa kwenye tangazo hajaandikiwa neno hata moja. Kama unaandika chini ya tangazo la kifo cha mume wa mtu, na mtu huyo atasoma, basi mwambie yeye.

Pole nayo haijawa takatifu. Inaweza kuuma. "Pole yako!" ya mtu aliyekukataza jambo ukalifanya haina faraja ndani yake, na "utapoa tu" humaanisha kwamba hasira zako hazimtishi mtu. Mashabiki wa mpira wanaipeana kila Jumapili usiku, na Yanga na Simba wameifanya kuwa silaha. Lakini hata hapo neno halijapoteza asili yake: aliyeshindwa anaungua, na mwenzake anamkumbusha kwamba anaungua.

Na yule ndugu aliyepoteza l ameendelea na maisha yake. "Mambo?" "Poa." Vijana wa Dar na Nairobi wamelifanya poa kuwa jibu la kila kitu: safari poa, kazi poa, demu poa. Siku moja kijana wa bodaboda aliyefiwa na baba yake ataambiwa na abiria, "Pole sana kwa msiba, kaka," naye kwa mazoea atajibu, "Poa." Mzee aliyesimama karibu atakunja uso kwa ukosefu huo wa adabu. Kisarufi, kijana hajakosea: ameombewa apoe, amejibu kwamba amepoa.